Vanila Kwenye Busaa ya Mama Yako

Nekesa, mama,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Mimi siulizi. Saa saba nimekuona ukimaliza chapati nne kwa supu ya shangazi yako, halafu ukafuta bakuli na ya tano, kwa hivyo najua uko mzima kuliko mimi. Sasa umeenda Gatina kusukwa. Vile ninawajua wale wasusi na maneno yao, na vile ninakijua kichwa chako, nina masaa matatu hivi. Nimefunga mlango. Nimevaa miwani yangu, ile mkono wake mmoja ni uzi, na nimekalia kiti chako bila ruhusa.

Barua hii nitaificha ndani ya gumbuti zako mpya za mpira, ile ya kushoto. Utaipata Alhamisi, siku ya kwanza ukivaa uingie kazini kwenye kiwanda cha bia huko Uskoti. Mguu utagonga karatasi, utadhani ni panya, utapiga nduru mbele ya Wazungu. Wakati huo mimi nitakuwa mbali na mkono wako. Huo ndio mpango. Babako ni mjanja, tatizo tu ni kwamba ujanja wake wote umekuwa wa kutoroka.

Mambo ya sweta, pasipoti na nani atakupokea uwanjani nimemwachia shangazi. Yeye ana daftari. Hata ule ushauri wa wanaume sitautoa, ila nimesikia huko wengine huvaa sketi siku ya sherehe. Ukileta mmoja hapa Kawangware, umwambie avae long'i siku hiyo, nisije nikaangalia magoti yake nikasahau kuuliza ukoo.

Basi. Nimeshacheka. Sasa niandike kile nilichokalia.

Jana ulifungua ile chupa ya mwisho ya bia uliyoipika. Ulinimiminia kwenye glasi ya maua, hiyo ya wageni, ukasimama mbele yangu na mikono kiunoni kama mama yako. Stauti yenyewe ilikuwa nyeusi hivi kwamba ukiinua kwa taa huoni vidole vyako upande wa pili, na povu lake rangi ya chai ya maziwa.

"Mzae, onja. Na useme ukweli."

"Ni tamu. Inakosa tu matumbo na ugali."

"Baba, wacha jokes. Unasikia nini?"

Nikaonja tena. Mwanzoni moshi, halafu ukoko wa ugali uliokauka sufuriani. Wimbi hilo, hakuna nafaka nyingine inayoongea hivyo. Halafu kakao. Halafu, mwisho kabisa, wakati nilikuwa nimeshameza, vanila ikarudi kwa pua, na nyuma yake ndizi mbivu iliyoguswa na moto.

Niliweka glasi chini kabla sijaimaliza. Wewe ulidhani ni uzee.

"Si umesikia ndizi?" ukauliza. "Wote hawaskiangi hiyo ndizi mara ya kwanza!" Ukafurahi, ukatoa simu, ukaniambia wale wa Uskoti wataipika mara moja, pipa kubwa, na jina lake litakuwa Nanjala. Jina la mama yako, kwa chupa, kwa nchi ya watu. Ukanisomea yale maneno ya kwenye lebo, ukinigeuzia kwa Kiswahili kwa sababu unajua darasa la sita mimi na shule tuliachana kwa makubaliano ya pande zote mbili.

"Mama yangu alipika pombe ya mahari ikaharibika mbele ya watu. Hii ndiyo pombe ile, imesahihishwa na binti yake." Ukaniangalia. "Nafaa kuwatumia Ijumaa ndiyo wachapishe. Unaonaje?"

Nikasema, "Iko poa." Nikatoka nje nikaangalie kama maji yamerudi. Maji hayakuwa yamepotea, Nekesa. Nilisimama pale kwa tangi nikishika bomba lililokuwa linatiririka vizuri kabisa.

Mama yako hakuharibu pombe yoyote. Niliharibu mimi.

Nimeiandika. Ona, hata kalamu haijavunjika.

Wewe humkumbuki mama yako akipika. Unamkumbuka akifua nguo za watu Lavington, na mikono imekunjamana kama ya mtoto aliyekaa majini. Lakini zamani, tukiishi Kibera, kabla ujue kutembea, Nanjala alikuwa na jina. Wanawake wengi walipika busaa pale, wengine ya kulewesha tu, lakini mtu akiwa na mahari au harusi, akitaka pombe ambayo wazee watainywa kwa heshima, alimtafuta Nanjala. Alikuwa anakanda unga wa mahindi, anaufunika siku kadhaa mpaka unuke uchachu, halafu anaukaanga kwa bati kubwa juu ya moto. Hapo kwa bati ndipo wengine walikuwa wanachoka. Yeye hakuchoka. Aliugeuza na mwiko mrefu bila kusema na mtu, moshi ukimtoa machozi, mpaka unga uwe mweusi kama udongo wa kwetu mvua ikishanyesha. Ukizidisha kidogo ni makaa. Ukipunguza ni uji. Alikuwa anajua kwa kunusa tu. Hiyo pua yako unayosifiwa nayo hukuiokota Kawangware.

Baada ya hapo maji, na kimera cha wimbi, halafu kungoja. Nikipita nikiuliza, "Bado tu?" ananijibu, "Baba Nekesa, hii kitu inafanya kazi. Wewe ukifanya kazi nakusumbua?" Na kwa vile wakati mwingi sikuwa nafanya kazi, hapo mazungumzo yaliishia.

Halafu nikapata kazi. Nilikuwa naosha vyombo kwa hoteli moja kubwa mjini, jikoni kwa watu wa keki. Mama, niliingia mbinguni na gumbuti. Mimi mtu wa mjini tangu ujana, nilikuwa nadhani keki ni ile ya harusi, ngumu, unayofungiwa kwa tishu. Kumbe kuna za kutetemeka, za kuungua juu makusudi, za ndizi iliyokaangwa kwa sukari. Nilikuwa nalamba sufuria kabla sijaziosha. Mpishi mmoja alinishika nikilamba, akacheka, akaanza kunifundisha majina. Hii ni kakao. Hii nyeusi, kama mguu wa panzi aliyekauka, ni vanila, tone lake moja linanukisha jiko zima. Nikaanza kutembea Kibera kama profesa. Niliwaambia wazee kwa kilabu kwamba pombe yetu haina mwisho mzuri mdomoni. "Inahitaji kumaliziwa," nikawaambia. Mimi! Nilikuwa najua maneno sita nikayatumia yote.

Nikamwambia mama yako, "Busaa yako tungeitia utamu kidogo. Iwe kama keki."

Akasema, "Leta hivyo vitu nivinuse kwanza."

Ona jibu hilo. Hakukataa. Nimekaa nalo miaka yote hii. Alisema nilete avinuse, na mimi nikasikia ananidharau, kwa sababu mtu aliyezoea kudharau wengine husikia dharau hata kwa salamu.

Sasa kuna plot owner mmoja wa Riruta, Baba Njoki, mwenye shamba la babu yake na nyumba za kupangisha juu yake. Binti yake alichumbiwa na kijana wetu wa Bungoma. Wazee wetu wakaambiwa siku ya mahari waje na pombe ya kwao, na kwao Baba Njoki kutakuwa na muratina, pombe ya Wakikuyu. Unaelewa hapo si kinywaji tu. Ni nani atasifiwa. Mzee Makokha, aliyekuwa anaongoza upande wetu, akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu. "Nanjala," akasema, "usituangushe mbele ya hawa watu wa muratina."

Alipika ikajaa mitungi minne ya plastiki. Asubuhi ya siku yenyewe akatangulia Riruta na vyungu na mirija, nami nibaki nije na pombe kwa mkokoteni. Aliniachia maneno mawili. Usiitikise. Na mdomo wa mtungi usiufunge, utie gunzi la mahindi tu, ipumue.

Alipokata kona nikatoa vitu vyangu. Nilikuwa nimevificha chini ya kitanda, kwa kimfuko, vile mwingine angeficha barua za mwanamke. Nilichemsha ndizi mbivu na sukari mpaka zikawa uji mzito, nikatia kakao, nikatia vanila nyingi kuliko yule mpishi angetumia mwezi mzima, nikagawa kwa mitungi minne. Nikaonja. Nekesa, nakuapia, ilikuwa tamu. Nilijiona nimesimama katikati ya wazee, Makokha akiuliza, "Nani ametia hiki kitu?" na mimi nikiinua kidole taratibu.

Halafu nikanusa. Ile vanila ilikuwa inanuka mpaka njiani. Nikaogopa kwamba nikifika tu mama yako atajua kabla wazee hawajaonja, na atanipigia kelele nikose sifa zangu. Kwa hivyo nikatoa magunzi, nikakaza vifuniko. Nikakaza kwa mikono miwili. Nilifunga ili harufu isiniseme.

Wewe ni mtu wa kazi hiyo. Najua hapo umeshika kichwa.

Pombe inafanya kazi, sukari mpya imeingia, kifuniko kimekazwa, jua la saa tano, mkokoteni unaruka mashimo kutoka Kibera mpaka Riruta. Kufika kituo cha Kawangware 46 mitungi ilikuwa imevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Mimi na akili yangu ya darasa la sita nikaona ni baraka, imeongezeka.

Kwa Baba Njoki viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, hata redio ilikuwa na chake. Wazee wamekaa pande mbili. Unajua desturi yetu: aliyepika ndiye hufungua, na ndiye huonja wa kwanza mbele ya wageni, waone kwamba kile alichowaletea yeye mwenyewe anaweza kukimeza. Mama yako akainama mbele ya mtungi, amejifunga leso mpya. Akaona kifuniko. Nilimwona akiona kifuniko. Akasimama kidogo, lakini wazee walikuwa wanangoja, kwa hivyo akakizungusha.

Sitakudanganya, ilifika dari. Povu la rangi ya matope lilipanda juu, likafikiria, likashuka. Lilimshukia Baba Njoki kwa upara. Lilishukia vitambaa. Lilimwingia Makokha ndani ya koti lake la kuazima. Na wakati watu bado hawajapata sauti, mtungi wa pili, huko nje kwa mkokoteni, ukajipasua wenyewe, na kuku wote wa boma wakaruka ua.

"Hii kiti ilikuwa ya harusi yangu!" Baba Njoki akalia. "Harusi yangu mimi!"

Upande wa muratina mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko unakijua, hakina adabu. Makokha akasimama akidondoka povu.

"Nanjala, umetuletea pombe ama bomu?"

Akajipangusa kope kwa kidole.

"Nauliza, nani amepika hii?"

Mama yako alikuwa amelowa mpaka nyusi. Aliinua mkono, akalamba mgongo wa kiganja chake, polepole, vile alikuwa anaonja siku zote. Akameza. Halafu akaniangalia. Hakuangalia mahali pengine, aliangalia mimi tu, nilikuwa mlangoni, na alijua kila kitu: ndizi, kakao, na kile kitu kingine ambacho hakuwa na jina lake. Alinipa nafasi. Ilikuwa ndefu, mama. Ungeweza kuchinja kuku ndani yake.

Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Ni mimi nimepika," akasema.

Wazee wakanywa muratina.

Hayo ndiyo yalitokea. Na bado ningeweza kurekebisha. Ningesema kesho yake, ningesema wiki ijayo. Lakini Kibera ilishaanza kumwita Mama Bomu. Kwenye foleni ya maji watoto walikuwa wanamwambia, "Mama Bomu, usilipuke!" Nami siku moja kwa kilabu mzee mmoja akaniuliza, "Kwani bibi yako alikosea wapi?" Nikatikisa kichwa, nikasema, "Wanawake na haraka." Nilisema hivyo kwa mdomo huu. Watu wakacheka na nikanunuliwa kikombe.

Hakuna mtu aliyemwagiza pombe tena. Lile bati lake la kukaangia likaziba paa, ukikumbuka ile nyumba ya kwanza ukumbuke bati moja jeusi kuliko mengine. Tukahamia huku Kawangware ambako hakuna aliyelijua jina lile, na akaanza kufua.

Mimi nikawa mtu mzuri. Hii sehemu ndiyo inanichoma zaidi. Kila Ijumaa nilikuwa natoka hotelini na kipande cha keki kwa tishu, kimevunjika kidogo. Nilimletea ya chokoleti, nilimletea ya nazi, ya asali na njugu. Nilimwita majina matamu. Alikuwa anapokea, anasema asante, anakiweka mezani, halafu anakukatia wewe. Zile keki ulizokula ukidhani babako ana roho safi, mama, zilikuwa msamaha ambao mwenye kosa hakuuomba na mwenye kuombwa hakuutaka. Ulinenepa kwa dhambi zangu. Hata mashavu hayo ni ushahidi.

Juzi ulinieleza juu ya ile sukari ya maziwa mnayotia kwenye stauti. Nilikuuliza kama mzaha, kwa nini hiyo haipasui chupa, ukaniambia hamira haiwezi kuila. Inabaki tamu mpaka mwisho kwa sababu hakuna kinachofanya kazi juu yake. Ukaniambia ndizi inaingia mapema ili iliwe iishe, na vanila na kakao zinangoja mpaka pombe itulie. Uliongea hivyo ukikoroga chai, hukujua kwa nini nimegeukia dirisha.

Kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeyasikia.

Ulikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Mama yako alikuwa amelala hapo kwa kitanda cha dirishani, na ugonjwa ulikuwa umeshachukua mwili wote ukabakisha macho. Mchana huo alikuwa na nguvu kidogo. Akaniambia, bila kugeuka:

"Ile pombe ya Riruta."

Nikamnyooshea blanketi.

"Ulitia nini?"

"Ndizi," nikasema. "Na kakao. Na kile kitu cha keki."

"Kinaitwaje?"

"Vanila."

"Vanila." Alilirudia kama mtu anayejaribu kiatu. "Ilikuwa tamu, we mjinga."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ilikuwa tamu sana. Ungenipa ninuse, ningekuambia. Ndizi ungeiunguza kidogo kwa moto, uitie siku ya kwanza pamoja na kimera, vikulane viishe. Hiyo vanila ndiyo ungengoja nayo mpaka mwisho. Na kakao yako ilikuwa mbichi, haikuonja bati." Akaendelea hivyo, Nekesa, karibu nusu saa, akiipika upya yote kwa sauti ya chini, akinipanga, hapa unakosea, hapa ulikuwa karibu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Hasira ningeijua niifanye nini. Nilikuwa naona tu siku ambayo tungesimama wawili juu ya lile bati, yeye na mwiko, mimi na kimfuko changu, na mji mzima ukituuliza tumetia nini.

Nilikuwa na neno moja la kusema. Ni fupi, hata wewe ulilijua kabla ya meno. Pole. Nilifungua mdomo. Kikatoka, "Kumbe ungetaka tufungue hoteli?" Akacheka, akakohoa, nikampa maji. Mzaha ulikuwa mzuri. Siku nne baadaye tukampeleka kwao Bungoma kumzika.

Ninajua unavyonipenda kwa mizaha yangu. Ninakuomba uiangalie vizuri. Mingi ni kifuniko nimekikaza kwa mikono miwili.

Na bado sijamaliza. Kuna lako pia. Ulipomaliza chuo ukaja kuniambia kile kiwanda kidogo cha bia kimekuchukua, umesimama hapo mlangoni unang'aa, mimi nilisema nini? Ninajua unakumbuka. Nilisema, "Mkono wa mama yako uliharibu pombe mbele ya wazee. Wewe utaanzia wapi?" Nilisema nikicheka. Ulicheka pia, lakini hukula siku hiyo, na wewe hukatai chakula. Tangu hapo nimekuona ukifanya kazi kama mtu anayelipia kosa. Umemwaga mapipa mazima kwa sababu "haijatulia, Baba." Umekaanga nazi, kahawa, njugu, iliki, umefanya nyumba nzima inuke kama Krismasi. Kumbe ulikuwa unasafisha jina la mama yako, na uchafu wenyewe ulikuwa umekaa kwa kiti karibu na redio, unakuuliza kama kuna chai.

Yale maneno ya lebo si uongo wako. Ni wangu. Wewe umeyaokota tu kwa mlango wangu.

Sasa usiyatume. Ijumaa usiyatume. Mama yako alipika vizuri siku zote za maisha yake, hata siku ile. Kama lazima kuwe na mharibifu kwenye chupa, mimi nina jina, linatosha kwa karatasi ndogo. Andika hivi, au ugeuze vile wanavyopenda huko: Nanjala wa Kibera alipika busaa ambayo wazee waliitembelea kwa miguu. Mume wake aliitia vanila bila kumuuliza, ikapasuka, akanyamaza. Yeye alionja akasema ni tamu.

Usiandike kwamba umeisahihisha. Haikuwa na kosa la kusahihisha. Umeipika tu, vile alisema, na hukuwa umeambiwa.

Nilisoma tena juu, mahali nilipoandika habari ya gumbuti ya kushoto, nikaikunja hii karatasi mara nne na kuisukuma mpaka kwa vidole. Nikaifunga begi. Nikakaza zipu. Nikasikia mkono wangu ukikaza.

Ni kifuniko kilekile, Nekesa. Nilikuwa nakupakia mtungi uende upasukie mbele ya wageni, mimi nikiwa mbali mlangoni, naangalia viatu. Mtu wa umri huu!

Kwa hivyo nimefungua begi, nimevuruga zile nguo shangazi yako alizozipanga, atanikosoa, nimeitoa. Mistari hii naiandikia magotini. Sasa hivi nimesikia geti, na sauti yako ukimwambia mama mboga kwamba nywele zimekuuma mpaka kwa kope. Sitaificha. Nitakupa mkononi kabla hujakaa, nami nitakuwa kwa kile kiti cha karibu na redio, sitaenda kuangalia maji. Hata ukikasirika. Hata ukikaa kimya kirefu kama kile cha Riruta.

Imebaki ile stauti kidogo kwenye chupa. Nimeimimina kwenye glasi ya maua nikaiweka mezani. Nitaonja mimi kwanza, mbele yako, halafu usome.

Babako.